Katharine Cook: Nesi Aliyegeuka Mwalimu

Sisi tunaosomea ualimu tuna mazoea ya kudhani kufundisha ni ubao, chaki na watoto arubaini mbele yako. Ukienda wodi ya wazazi pale Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani utaona darasa jengine. Nesi mzima amesimama, pembeni yake wanafunzi wawili watatu na madaftari yao, wanatazama mkono wake unavyokwenda. Hilo nalo ni somo, na mwalimu wake hatumtaji sana. Ndiyo maana safari hii nimeona nimwandike mwanamke mmoja ambaye Uganda anajulikana mno na huku kwetu jina lake halisikiki: Katharine Cook.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1863, jina lake la kwao Katharine Timpson. Akasomea uuguzi, kisha akajiunga na jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, CMS. Mwaka 1896 alishuka Mombasa pamoja na wenzake, miongoni mwao daktari kijana aitwaye Albert Cook. Reli ya kwenda bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kujengwa, kwa hiyo kufika Buganda ilikuwa ni kwa miguu, na wapagazi, miezi kadhaa njiani. Walifika mapema mwaka 1897 na kuanza kutibu watu Mengo, kwenye kilima cha Namirembe. Katharine akawa msimamizi wa wauguzi wa hospitali ambayo wauguzi wenyewe bado hawapo.

Mwaka huohuo Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza, na askari wa Kisudani nao wakaasi. Mwaka 1900 Katharine na Albert wakaoana. Mwaka 1901 malale yakaingia kandokando ya ziwa Victoria, ugonjwa ambao katika miaka iliyofuata uliua zaidi ya watu 200,000. Mwaka 1902 radi ikaipiga hospitali, ikateketea kwa moto. Wakaijenga upya, safari hii kwa matofali.

Sasa hebu fikiri. Nesi mmoja, hata awe hodari vipi, ana mikono miwili na usiku mmoja. Mwanamke anayepata uchungu wa kuzaa kijiji cha mbali, siku mbili kwa miguu kutoka Mengo, nesi huyo hana faida kwake. Unaweza kuleta manesi wengine kutoka Uingereza, lakini ni wachache, ni ghali, wanaugua malaria, na lugha hawaijui. Katharine aliishi na tatizo hili kwa miaka zaidi ya ishirini kabla hajapata njia ya kulitatua kwa ukubwa wake.

Njia yenyewe ilikuwa shule. Baada tu ya Vita Kuu ya Kwanza alianza kuwafundisha wasichana wa Kiganda ukunga pale Mengo, na mwaka 1921 jengo la shule likafunguliwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Wanafunzi walijifunza kuzalisha, usafi, kumtunza mama na mtoto mchanga, na kujua mapema uzazi unaoelekea pabaya ili mgonjwa apelekwe hospitali.

Kuna mambo mawili hapa ambayo mwanafunzi wa ualimu asiyapite hivihivi.

La kwanza ni lugha. Kitabu cha ukunga kilitolewa kwa Kiluganda. Yaani msichana hakulazimishwa kwanza ajue Kiingereza ndipo afundishwe namna ya kuzuia damu isimmalize mzazi. Sisi mpaka leo tunabishana kwenye semina kuhusu lugha ya kufundishia, na kumbe miaka mia iliyopita kuna watu waliamua kwamba jambo la kufa na kupona lifundishwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaota nayo.

La pili ni mahali pa kazi. Wahitimu hawakurundikwa wote Mengo. Vituo vya uzazi vilifunguliwa vijijini, na mkunga aliyehitimu akapelekwa kukaa huko, karibu na wazazi. Katharine ndiye aliyekuwa akivisimamia. Mwaka 1931 Mengo ikaanza pia shule ya kufundisha wauguzi. Mwaka uliofuata mumewe akapewa cheo cha Sir, naye ndipo akawa Lady Cook. Alifariki mwaka 1938, huko huko Uganda, nchi aliyoiingia kwa miguu miaka arubaini na moja nyuma.

Lakini tusimfanye malaika. Shule ile ilizaliwa ndani ya kampeni ya wakoloni na wamisionari dhidi ya kaswende, ambayo walisema imeenea kupita kiasi kwa Waganda. Baadaye wataalamu walikuja kutilia shaka makadirio yale, kwa kuwa buba na kaswende vilikuwa vikichanganywa. Wanawake wa Kiganda ndio waliobebeshwa lawama, tabia zao zikafanywa ndio ugonjwa. Na wasichana walioingia shuleni walichunguzwa mwenendo kama walivyochunguzwa mitihani. Walitakiwa wawe wakunga na pia wawe mfano wa mke wa Kikristo.

Tena lipo suala la elimu iliyokuwepo. Mwaka 1879, kabla hata Katharine hajawa nesi, daktari Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro waganga wenyeji wakimpasua mama mjamzito kumtoa mtoto, wakalifunga jeraha, na mama akapona. Hawa hawakuwa watu wasiojua kitu. Hata hivyo shule ilijengwa kana kwamba darasa linaanza na sifuri.

Jambo hili linanigusa kwa sababu bibi yangu huko Micheweni alikuwa mkunga wa jadi. Hakuwahi kukaa darasani, na wanawake wa kijiji kizima walikuwa wakimwita usiku. Najua pia kwamba kuna usiku ambao alichokijua hakikutosha. Alihitaji mtu wa kumwongezea, bila ya kumdharau kwanza.

Leo wauguzi wa Zanzibar wanafundishwa na Wazanzibari wenzao, na Chuo cha Sayansi za Afya cha Mbweni sasa ni sehemu ya SUZA. Hatungoji tena mtu ashuke melini Mombasa. Lakini swali la Katharine bado liko mezani: anayehitimu leo, kesho atakaa wapi? Akibaki mjini, mama wa Kojani au Makangale atakuwa palepale alipokuwa yule mama wa kijiji cha Buganda. Na atakayefundishwa, nani atamfundisha? Tukiulizwa wangapi wanataka kuwa manesi, mikono itanyanyuka. Tukiulizwa wangapi wanataka kuwa walimu wa manesi, wengi wetu hatujawahi hata kufikiria kwamba kazi hiyo ipo. Mwenzangu wa ualimu, na wewe wa uuguzi mwaka wa tatu, hebu tulifikirie.