Jan Tschichold: Mpanga herufi aliyefungwa na Wanazi, kisha akazipinga kanuni zake mwenyewe

Tazama skrini ya simu yako. Kichwa cha habari ni kikubwa kuliko maelezo. Mistari yote inaanzia kushoto, kwenye ukingo mmoja ulionyooka. Kati ya aya na aya kuna nafasi tupu, jicho linapata pa kupumzikia.

Unaona ni kawaida tu, siyo? Lakini miaka 100 iliyopita, kupanga ukurasa hivyo kulikuwa ni ubishi. Mmoja wa waliobisha zaidi ni Mjerumani Jan Tschichold, na ubishi huo ulimgharimu kazi na nchi yake.

Mtoto wa mwandika mabango

Alizaliwa 2 Aprili 1902 mjini Leipzig, mji uliosifika kwa uchapaji wa vitabu. Baba yake aliishi kwa kuandika mabango. Kijana naye akaenda kusomea uandishi wa herufi kwa mkono, zile za kizamani zilizonakshiwa.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 21, alikwenda Weimar kuona maonyesho ya shule ya sanaa ya Bauhaus. Alirudi mtu mwingine kabisa.

Wakati huo matangazo mengi yalikuwa vurugu. Mapambo kila kona, aina nyingi za herufi kwenye karatasi moja, na kila kitu kimewekwa katikati hata kama hakuna sababu. Msomaji anahangaika kutafuta tarehe au bei.

Kanuni zake zilikuwa zipi?

Mwaka 1925 aliandika toleo maalumu la jarida la wachapaji. Mwaka 1928, akiwa na miaka 26 tu, akatoa kitabu kuhusu uchapaji mpya. Kwa kifupi, alitaka hivi:

• Umuhimu uonekane. Jambo kubwa liwe na herufi kubwa au nzito. Jicho lijue pa kuanzia na pa kwenda baadaye.

• Nafasi tupu ni kifaa cha kazi. Ukiacha eneo wazi kando ya neno, neno hilo linasikika zaidi.

• Usilazimishe katikati. Mizani inapatikana hata pande mbili zisipofanana, mfano maneno machache mazito upande huu na uwazi mpana upande ule.

• Herufi ziwe safi. Alipendelea zile zisizo na vijimkia kwenye ncha, kama nyingi unazosoma kwenye simu.

• Karatasi ziwe na vipimo vya pamoja. Aliipigia debe sana mifumo ya vipimo vya Kijerumani iliyotuletea A4, hiyo hiyo unayotolea kopi stesheneri.

Herufi zikawa siasa

Mwaka 1926 Tschichold alianza kufundisha Munich, kwa mwaliko wa Paul Renner, mbunifu wa fonti maarufu ya Futura. Mambo yalimwendea vizuri hadi Januari 1933, Hitler alipoingia madarakani.

Kwa Wanazi, sanaa ya kisasa ilinuka ukomunisti. Na Tschichold hakuficha kuvutiwa na wasanii wa Urusi. Mwezi Machi 1933 alikamatwa. Alikaa kizuizini kwa wiki kadhaa na kazi ya ualimu ikaota mbawa. Alipoachiwa hakusubiri mara ya pili. Yeye, mkewe Edith na mtoto wao wakahamia Basel, Uswisi, kuanza upya.

Halafu akageuka

Hapa ndipo wengi walimshangaa. Akiwa Uswisi, Tschichold alianza kupanga vitabu kwa ule mtindo wa zamani: kichwa katikati, herufi zenye vijimkia, pande mbili zinazolingana. Yaani yale yale aliyoyapiga vita ujanani.

Mwaka 1946 msanii wa Uswisi Max Bill alimshambulia hadharani, akimwona kama msaliti. Tschichold hakunyamaza. Jibu lake lilikuwa zito: ule ukali wa ujana wake, wa kudai njia moja tu ndiyo sahihi, ulikuwa na harufu ya amri za kijeshi. Aliona unafanana mno na fikra za watu waliomfukuza kwao.

Hakusema mtindo wa kisasa haufai. Tangazo la biashara linaweza kuuhitaji. Ila riwaya ya kurasa 300 ina msomaji wa aina nyingine, anayetaka kutulia bila kupigiwa kelele na ukurasa.

Vitabu vya bei poa

Mwaka 1947 kampuni ya vitabu ya Penguin ilimwita Uingereza. Vitabu vyake vilikuwa vya bei nafuu na vinauzwa kwa wingi, lakini kila kiwanda cha uchapaji kilipanga kurasa kivyake.

Tschichold aliandika mwongozo wa kurasa 4 tu: nafasi kati ya maneno iwe finyu, aya zianze vipi, alama za uandishi zikae wapi. Akasimamia na kusahihisha kurasa moja baada ya nyingine. Hadi anaondoka mwaka 1949, vitabu zaidi ya 500 vilikuwa vimepita mikononi mwake.

Yaani mtu wa kipato kidogo akawa anashika kitabu kilichopangwa kwa uangalifu ule ule wa vitabu vya matajiri.

Fonti yake bado ipo

Mwaka 1967 ilitoka fonti yake ya Sabon, iliyobuniwa ili ifanane kwenye mitambo tofauti ya uchapaji. Hadi leo wachapishaji wa vitabu wanaitumia. Tschichold alifariki 11 Agosti 1974 mjini Locarno, Uswisi, akiwa na miaka 72.

Kwa hiyo, siku ukitengeneza kadi ya mchango wa harusi au tangazo la duka lako kwenye simu, kabla hujachagua rangi na maua, jiulize: atakayeisoma anatakiwa kuona nini kwanza? Tschichold alibadili mtindo, lakini swali hilo hakuliacha.