Eduardo Mondlane

Eduardo Chivambo Mondlane alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wareno. Baba yake alikuwa chifu, naye utotoni alichunga mifugo kabla ya kuanza masomo katika shule ya wamisionari wa Uswisi. Baadaye alikwenda kusoma Afrika Kusini, lakini mwaka 1949 serikali ya makaburu, iliyokuwa ndiyo kwanza imeshika madaraka, ikamfukuza. Akapitia Lisbon, kisha akavuka bahari hadi Marekani, ambako alipata shahada ya uzamivu, akamwoa Janet Johnson, akafanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha chuo kikuu.

Mtu wa namna hiyo angeweza kustarehe ugenini maisha yake yote. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wamsumbiji viliungana mjini Dar es Salaam vikawa Frelimo (jina la Kireno lililofupishwa, ambalo katika Kiswahili hufuata upatanisho wa ngeli ya I-ZI), naye akachaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha ualimu akahamia Dar es Salaam.

Kuviunganisha vyama kulikuwa rahisi kuliko kuwaunganisha watu. Frelimo ilipoanzisha vita Septemba 1964, ilianzia Cabo Delgado, kwa Wamakonde, ndugu za Wamakonde wa Mtwara. Hao walibeba mzigo mzito wa mapigano, ilhali viongozi wengi wa juu walikuwa wasomi waliotoka kusini. Manung'uniko yao hayakukosa msingi. Mwaka 1968 mgogoro huo ulifika Dar es Salaam kwenyewe: wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji, iliyoongozwa na Janet, walizusha ghasia, na ofisi ya Frelimo ikavamiwa. Wapo waliomshutumu Mondlane hata kwa rangi ya mkewe. Yeye alishikilia kwamba adui ni utawala wa Kireno, wala si Mzungu kwa kuwa Mzungu. Julai mwaka huo mkutano mkuu ulifanyika Niassa, ndani ya ardhi iliyokombolewa, wajumbe wakamchagua tena.

Tarehe 3 Februari 1969 alipokea kifurushi, akaenda nacho kwenye nyumba ya rafiki huko Oysterbay. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu, bomu. Lililipuka alipokifungua. Alizikwa Kinondoni. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu Frelimo kuundwa.