Lilias Trotter: Alikataa umaarufu, akabaki na maua

Umewahi kupewa ofa ambayo kila mtu anaona ndiyo ya kuomoka, halafu ukaikataa? Lilias Trotter aliikataa yake mwaka wa 1879, na hadi leo kuna wanaoamini alipoteza.

Alizaliwa London mwaka wa 1853, kwa familia ya pesa. Mwaka wa 1876, akiwa Venice na mamake, walijikuta hoteli moja na John Ruskin. Huyu ndiye aliyekuwa mhakiki wa sanaa anayeogopwa zaidi Uingereza, yaani akisema picha yako ni takataka, imekwisha. Mama akamtumia michoro ya bintiye. Mzee hakuamini wanawake wanaweza kuchora, lakini alipoiona hiyo kazi alilainika, akamchukua Lilias kuwa mwanafunzi wake.

Shida ni kwamba binti alikuwa na maisha mengine. Usiku alienda peke yake kituo cha treni cha Victoria kutafuta wasichana waliokuwa wakiuza miili, awatafutie pa kulala na kazi ya kujifunza. Ruskin hakufurahia. Alimwambia angeweza kuwa kati ya wachoraji wakubwa waliokuwa hai wakati huo, mradi tu ajitoe kwa sanaa kabisa. Lilias alihangaika siku kadhaa, akaomba, kisha akasema hapana. Mtu aliyeacha chuo kama mimi anajua watu huangalia vipi uamuzi kama huo. Ila urafiki wake na Ruskin haukufa.

Mwaka wa 1887 aliomba kwenda Afrika Kaskazini na shirika la wamishonari. Wakamkataa kwa sababu ya moyo wake dhaifu. Basi Machi 1888 akajilipia mwenyewe na kushuka Algiers na marafiki wawili wa kike. Hakuna aliyejua Kiarabu. Hakuna waliyemjua mjini.

Na hapa ndipo stori inaponoga, kwa sababu brashi hakuiacha. Alichora kwa rangi za maji, kwenye madaftari na pembeni mwa shajara zake: mbegu, miiba, majani makavu, vitu ambavyo wewe na mimi tungevikanyaga tu. Katika kitabu chake, Parables of the Cross, alitumia mimea kueleza msalaba. Angalia ua la njano la malisho ya Uingereza, lenye umbo la kikombe. Likiwa tumba, vijani vya kijani hulifunika. Likishachanua, vijani hivyo hujikunja nyuma kabisa, haviwezi kulifunga tena. Lilias aliona hapo mtu aliyejitoa kwa Mungu bila kuacha mlango wa kurudi. Kwenye jani kuukuu linalosukumwa na chipukizi jipya, aliona uhai ukianza pale kitu kinapokufa. Halafu kuna dandelioni iliyokomaa, ile yenye kichwa cha manyoya meupe: upepo wowote ukija, inaachilia mbegu zote.

Sidhani alikuwa akitafuta mafumbo ya kupamba mahubiri. Alikuwa amekaa juani akitazama hadi mmea useme kitu, na huwezi kuchora mwiba vizuri bila kuutazama hivyo.

Alihitaji hayo maneno, maana kazi ilikuwa ngumu na waliobadili dini walikuwa wachache mno. Asubuhi moja mwaka wa 1907 alimtazama nyuki akigusa maua ya kichaka, hapa kidogo, pale kidogo, bila kutulia. Akafarijika: hata kazi yake ya vipande vipande huenda ilikuwa ikiacha chavua mahali. Kufikia 1920 alikuwa na wenzake 30 katika vituo 15.

Dandelioni ilirudi tena, safari hii aliiona msituni ikiwaka kwa jua la asubuhi, uso umeelekea mwanga. Akaandika kijitabu kuihusu. Mwaka wa 1918 nakala ilifika mikononi mwa Helen Lemmel, mtunzi wa nyimbo, na kutokana nayo ukazaliwa wimbo Turn Your Eyes Upon Jesus. Huenda umeuimba kanisani bila kujua kuna ua ndani yake.

Lilias alifariki Algiers Agosti 1928, akiwa na miaka 75, baada ya miaka ya mwisho kitandani. Baadhi ya picha alizompa Ruskin bado zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford.