Livingstone na Joto la Ardhi

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi, 1813, katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Skotlandi, ambako baridi ni kali. Wazazi wake walikuwa maskini, naye alipopata miaka 10 akatiwa kazini katika kiwanda cha pamba, usiku alisoma. Akawa daktari, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kuwa mmisionari.

Alikuwa mtu wa kupenda kupima. Alipokaa Kolobeng, katika nchi iitwayo leo Botswana, mvua zilikosekana miaka kadhaa. Basi saa sita mchana alitia kipimajoto katika udongo uliopigwa na jua, kina cha inchi 3, kikaonyesha kama digrii 56 za sentigredi. Mwili wa mtu mwenye afya una digrii 37 tu! Mbawakawa waliowekwa juu ya udongo ule walikimbia huku na huku kitambo kidogo, wakafa. Lakini chungu weusi wenye miguu mirefu walizidi kwenda mbio, kana kwamba joto limewaongezea nguvu.

Na binadamu je? Hilo aliliona baadaye, karibu na kwetu. Tarehe 25 Agosti, 1872, alitoka Unyanyembe, karibu na Tabora, akapita nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Katavi, akafika Ziwa Tanganyika tarehe 8 Oktoba, kisha akafuata ufuko kwenda kusini. Mtoto wa Misunkumilo, hapo Mpanda, aujua mwezi huo: majani yamekwisha kuungua, udongo u wazi, mvua bado. Udongo mtupu hupata joto kuliko hewa ya kivulini, na mwenye kwenda miguu mitupu hukanyaga joto hilo kila hatua. Wapagazi wa Livingstone waliungua nyayo, miguu ikavimba, hata wale wenye nguvu kuliko wote wakawa hawafai kwa kazi. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa, amechoka sana.

Baadaye mvua na mabwawa ya Bangweulu vilimmaliza. Akafa tarehe 1 Mei, 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo.

Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, walikata shauri kuupeleka mwili wake pwani, safari ya miezi mingi. Moyo wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika siku 14. Jua lililowatesa sasa likawasaidia, maana kitu kilichokauka hakiozi upesi.

Lakini njia ya ufukoni mwa ziwa hawakuitaka tena. Walishika njia nyingine, mbali upande wa mashariki, na mwezi Oktoba, 1873, wakaingia Unyanyembe na mzigo wao. Mwezi Februari, 1874, wakaufikisha Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili ukazikwa London.