Mbaruk wa Gasi na Gobori

Juzi hapa Donholm mjukuu wangu alifyatua kibastola chake cha fataki cha Idi, nikamkumbuka Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gasi. Babaye, mtawala wa Mombasa, alikamatwa kwa hila mwaka 1837 kwa amri ya Seyyid Said. Mwana akakua na deni hilo, akajiwekea ngome Mwele. Wengi wa watu wake walishika gobori: umimine baruti, ushindilie risasi kwa mdeki, uweke fataki, ndipo ulenge. Adui hangoji. Waingereza wakaiteka Mwele Agosti 1895. Mwaka 1896 akavuka kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Hakuwa malaika, watumwa alikuwa nao; lakini hakuuza heshima yake. Mola amrehemu.