Aniceti Kitereza: Mzee wa Ukerewe Aliyeanza Upya Kila Kukicha

Kila mwaka, pamba ikishavunwa katika mashamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mkulima hutakiwa kung'oa mashina ya zamani na kuyachoma moto, ili wadudu waharibifu wasipate mahali pa kujificha wakingojea msimu ujao. Mgeni asiyejua kilimo hicho angeweza kudhani kwamba mtu huyo anateketeza mali yake. Mkulima mwenyewe anajua kwamba anasafisha mwanzo mpya. Mwaka uliopita uwe ulikuwa wa neema au wa ukame, bei iwe ilimfurahisha au ilimliza, shamba lake litamngoja likiwa tupu, naye hana budi kulirudia na jembe lake kana kwamba hajawahi kulima.

Tumeanza na habari hiyo ya mashamba kwa sababu leo twataka kumkumbuka mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa ya namna hiyo, ingawa zao lake lilikuwa maneno. Mto Simiyu, uliolipa jina mkoa wetu huu ulioanzishwa mwaka 2012, humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya ghuba hiyo kipo kisiwa cha Ukerewe, na huko ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Wasomaji wetu wa visiwani wanalijua jina hilo. Tunachelea kwamba wengi wa bara, pamoja na baadhi ya viongozi wanaosimamia elimu na utamaduni, hawalijui kama inavyostahili.

Kitereza alizaliwa katika ukoo wa watemi wa Ukerewe. Lakini damu ya utemi siku hizo ilikuwa hatari kuliko faida. Magomvi ya kurithi kiti yalimlazimisha baba yake kukimbia kisiwa, na mtoto akaonja uhamisho kabla ya kuonja heshima ya ukoo wake. Baadaye alirudi Ukerewe, akapelekwa kusoma katika misheni ya Kagunguli iliyoendeshwa na Wamisionari wa Afrika, ambao watu wengi waliwajua kwa jina la Mapadre Weupe. Huko ndiko alikojifunza kusoma na kuandika, na huko ndiko alikoipokea imani ya Kikatoliki ambayo hakuiacha hadi kufa kwake.

Walimu wake waliona akili yake, wakampeleka katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi. Alijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu nyingine ambazo Waafrika wachache sana wa wakati ule waliwahi kuzigusa. Njia ile ilikuwa inaelekea upadre. Hata hivyo hakuwa padre. Alitoka seminarini, akarejea kwao, na mwaka 1919 akamwoa Bibi Anna Katura. Mtu mwingine aliyepoteza miaka kumi katika safari isiyofika mwisho wake angeweza kuishi kwa kinyongo. Kitereza aliichukua elimu ile aliyoipata njiani akaitumia kwa kazi nyingine. Alifanya kazi na mapadre wa Kagunguli, akatafsiri maandishi ya dini kwa Kikerewe, na akakusanya hadithi na mila za wazee wake.

Nyumbani kwake palikuwa na huzuni iliyo nzito kuliko hiyo. Yeye na mkewe hawakujaliwa kubaki na mtoto aliye hai. Wale wanaojua maisha ya vijijini mwetu hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Katika desturi zetu, ziwe za Wakerewe au za Wasukuma, nyumba isiyo na mtoto huzungukwa na minong'ono. Ndugu wa mume humshauri atafute mke mwingine, na ndugu wa mke huona aibu. Kitereza alibaki na Anna. Wazee hao wawili waliendelea kuishi pamoja, wakisali pamoja na kuzeeka pamoja, bila mtoto wa kuwachotea maji.

Kutokana na maisha hayo ndipo kilipotoka kitabu chake. Mwaka 1945 Kitereza alimaliza kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Ni hadithi ya mume na mke wa zamani, kabla ya wamisionari kufika, waliokosa mtoto. Maneno makali ya ndugu wa mume yanasababisha mke achukuliwe na wazazi wake. Mume anakwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, na hatimaye anamrudisha mke wake nyumbani. Anakataa ushauri wa kumwacha. Mganga anawatibu, siku zinapita, na mwishowe wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali. Ndani ya masimulizi hayo mwandishi ameweka karibu kila alichokijua kuhusu Wakerewe wa kale: jinsi walivyolima na kuvua, walivyoposa na kuoana, walivyompokea mgeni, walivyotibu wagonjwa na walivyozika wafu wao.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kitereza alikuwa Mkatoliki thabiti, aliyefundishwa na watu ambao baadhi yao waliziona mila za Kiafrika kuwa giza tupu. Lakini alipoandika juu ya mababu zake waliokuwa hawajabatizwa, hakuwadhihaki. Aliwaonyesha wakiwa watu wenye sheria, adabu, mapenzi na makosa, kama watu wengine wote. Imani yake haikumtaka aione aibu asili yake. Alihofia tu kwamba vijana wangeisahau, na ndiyo maana akaiandika.

Aliyemtia moyo katika kazi hiyo alikuwa Padre Almas Simard, Mkanada aliyehudumu Kagunguli. Padre huyo alitambua thamani ya mswada, akauchukua hadi Kanada kwa nia ya kuutafutia mfasiri na mchapishaji. Alifariki dunia kabla ya nia hiyo kutimia. Mswada ukarudi Ukerewe kama ulivyoondoka. Wachapishaji hawakuwa tayari kugharimia kitabu kinene kilichoandikwa kwa lugha ya watu wachache wa kisiwani. Miaka ikapita. Tanganyika ikapata Uhuru mwaka 1961, Muungano ukazaliwa mwaka 1964, shule zikaongezeka na Kiswahili kikawa lugha ya taifa zima. Na kitabu cha Mzee Kitereza kilikuwa bado kimelala.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kufanya utafiti. Walimkuta Kitereza akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, viungo vyake vimeshikwa na ugonjwa uliomfanya atembee kwa taabu. Walipouona mswada wakashangaa, na mwaka 1972 wakaandika makala ya kumjulisha mwandishi huyo kwa wasomi wa nje. Lakini ilikuwa dhahiri kwamba kitabu kisingechapishwa kwa Kikerewe. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni kukitafsiri kwa Kiswahili.

Ndugu msomaji, tafakari kazi hiyo. Mzee mgonjwa, ambaye ameshaandika kitabu chake mara moja na kukingojea kwa zaidi ya miaka 20, anaambiwa kwamba kama anataka kisomwe hana budi kukiandika tena, tangu ukurasa wa kwanza, kwa lugha nyingine. Hana mtoto wa kumsaidia. Hana hakika yoyote kwamba safari hii wachapishaji watakubali. Kitereza alikubali. Alikaa chini akaifanya kazi hiyo mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka ikaisha.

Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu hicho kwa Kiswahili. Ilikuwa miaka 35 tangu kilipomalizwa kuandikwa. Tarehe 20 Aprili 1981 Mzee Kitereza alifariki dunia, na nakala hazikuwahi kumfikia. Mtu aliyeandika kitabu kimoja mara mbili hakupata kukishika mkononi hata mara moja. Baada ya kifo chake kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 kikatolewa kwa Kiingereza katika tafsiri ya Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mzaliwa wa Ukerewe.

Je, mtu wa namna hiyo alipata wapi nguvu? Sisi tuliolelewa katika chuo cha Kurani, tukajifunza alifu na bee juu ya mkeka kabla ya kukalia dawati la shule ya serikali, hatudai kuwa wajuzi wa dini ya jirani. Lakini tumeishi na Wakatoliki wa Kanda ya Ziwa tangu utotoni, na tumeyaona mambo yao. Mkatoliki hufundishwa kumkabidhi Mungu siku yake kila anapoamka. Hufundishwa kwamba akikosea ataungama, atasamehewa, kisha ataanza tena. Misa iliyosomwa jana husomwa tena leo, na hakuna anayeuliza kwa nini kengele ya asubuhi inapigwa wakati ya jana ilikwisha pigwa. Muumini wa Kiislamu aitikiaye adhana ya alfajiri anaielewa vyema maana hiyo, kwa kuwa naye anajua kwamba mlango wa toba haufungwi na kwamba sala ya jana haimwondolei sala ya leo.

Mtu aliyezoezwa hivyo kwa miaka 70 hupata tabia fulani. Haoni kuanza upya kuwa ni adhabu wala ushahidi kwamba ameshindwa. Huona kuwa ni kazi ya kila siku, kama kuota moto asubuhi au kufungulia ng'ombe zizini. Matumaini yake hayategemei ahadi kwamba jioni atavuna. Twaamini kwamba hiyo ndiyo siri ya Mzee Kitereza. Alifukuzwa kwao, akarudi akaanza. Hakuupata upadre, akaanza. Alizika watoto, akaanza. Mswada ukarudi mikono mitupu kutoka ng'ambo, akaanza. Imani yake haikumwepusha na pigo hata moja kati ya hayo. Ilimpa tu asubuhi nyingine ya kufanyia kazi.

Wenzetu wa visiwani hawana haja ya kuhubiriwa somo hilo. Mvuvi hutandaza nyavu usiku, hurudi ufukweni na dagaa au bila dagaa, na kesho yake huingia tena majini. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220, visiwa vyote viliomboleza. Lakini watoto walihitaji shule, wagonjwa walihitaji hospitali, na watu wakapanda tena vyombo. Ushujaa wa namna hiyo hauandikiwi nishani, ila ndio unaoendesha maisha.

Kwa viongozi na watumishi wa serikali tunalo neno la ziada, nalo si la kusifu. Uvumilivu wa Kitereza ulikuwa wake. Ucheleweshaji ulikuwa wa wengine. Ni rahisi kumpongeza mzee aliyengoja miaka 35, na kusahau kujiuliza kwa nini alingojeshwa. Hakuna shaka kwamba leo pia, katika vijiji vya Simiyu na katika visiwa, wamo wazee wenye madaftari ya historia ya koo zao, nyimbo za kilimo, majina ya dawa na mipaka ya zamani ya utemi. Baadhi ya madaftari hayo yanaliwa na mchwa. Wamo pia wananchi ambao maombi yao ya haki yamelala katika majalada, nao kila Jumatatu huvaa nguo safi na kurudi kwenye mlango uleule. Mtumishi anayemwambia mwananchi aje kesho akumbuke kwamba kesho ya mzee ina hesabu.

Tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Maofisa utamaduni wa wilaya wawatembelee wazee hao na kuorodhesha maandishi waliyonayo. Shule za sekondari za Kanda ya Ziwa zihakikishe kwamba kitabu cha Mzee Kitereza kimo katika maktaba zao, na walimu wakisome na wanafunzi. Na kila ofisi ifungue majalada yaliyolala, kuanzia lile la chini kabisa.

Mvua za kwanza zikinyesha Bariadi, mkulima atarudi katika shamba lake tupu na mbegu mkononi. Hatamngoja mtu amhakikishie mavuno. Kazi ya viongozi ni kuona kwamba mbegu hiyo imemfikia kwa wakati, na kwamba atakapovuna atakuwa angali hai kuyashika mavuno yake.