Aldo Castellani, munganga aliyeona malale ndani ya maji ya mgongo

LUBUMBASHI – Katika kartie Makomeno, kama kwingineko Kongo, munganga akisema atachoma sindano mgongoni ili atoe maji ya uti wa mgongo, jamaa ya mgonjwa huingiwa na woga. Lakini ni ndani ya maji hayo ambapo Mwitaliano Aldo Castellani aliona, mwaka 1902, kidudu kinacholeta malale.

Castellani alizaliwa Florence katika miaka ya 1870. Alisomea uganga kwao, akaendelea Ujerumani na London. Mwaka 1902 Royal Society ya Uingereza ilimtuma Entebbe, Uganda, pamoja na waganga wenzake Low na Christy. Kandokando ya ziwa Victoria, hasa Busoga, watu walikuwa wanasinzia mchana, wanakonda, wanachanganyikiwa, halafu wanakufa. Inakadiriwa kwamba miaka ile malale iliua zaidi ya watu 200,000 Uganda.

Kwanza alifuata njia isiyo sawa. Katika maiti alikuta bakteria ya streptokoki, akaamini hiyo ndiyo inaua. Novemba 1902 alitoa maji ya mgongo ya mgonjwa aliye hai, akayazungusha kwa mashine ili vitu vizito vishuke chini, akatazama kwa mikroskopu. Humo kulikuwa na tripanosoma, kidudu kinachojipinda kama samaki mdogo. Kilikuwa kimeshaonekana katika damu ya mtu huko Gambia, lakini hakuna aliyekihusisha na malale. Castellani naye alisita. Hakuiacha bakteria yake mara moja.

Machi 1903 alifika David Bruce, aliyekuwa amekuta kidudu cha jamii hiyo katika ng'ombe wa Zululand. Castellani alimweleza alichoona, wakatazama wagonjwa wengine, kisha akarudi Ulaya. Bruce na Nabarro wakaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayebeba kidudu hicho. Ugomvi juu ya nani hasa mgunduzi uliendelea miaka mingi. Wagonjwa waliochomwa migongo hawakutajwa katika ugomvi huo.

Huku Katanga, kati ya 1910 na 1912, ujumbe wa munganga Mbelgiji Rodhain ulichunguza malale wakati Élisabethville ndiyo kwanza inaanzishwa. Kwa miaka mingi baadaye, maji ya mgongo ndiyo yalikuwa yanaamua dawa. Chembe nyeupe zikizidi 5 katika mikrolita moja, ilimaanisha ugonjwa umeingia kwenye ubongo. Hapo mgonjwa alipewa melarsoprol, dawa yenye arseniki, ambayo yenyewe iliua karibu wagonjwa 5 katika kila 100.

Castellani aliendelea Ceylon, ambako mwaka 1905 aligundua kidudu cha buba. Ukurasa wake mbaya ni wa 1935 na 1936: aliongoza huduma ya afya ya jeshi la Mussolini lililovamia Ethiopia, vita ambamo Waitaliano walitumia gesi ya sumu. Baada ya ufalme wa Italia kuanguka mwaka 1946 alimfuata malkia Marie José uhamishoni Ureno, akafia Lisbon mwaka 1971.

Mtego wa streptokoki haujaisha maabarani. Kwa ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob, unaoletwa na prioni, yaani protini ya ubongo iliyokunjika vibaya, waganga walizoea kutafuta katika maji ya mgongo protini inayoitwa 14-3-3. Lakini hiyo inapanda chembe za ubongo zinapokufa, hata kwa kiharusi. Kipimo kipya, RT-QuIC, kinatafuta prioni yenyewe. Dawa ya kuponya haipo, ila jibu la mapema linasaidia munganga asiuchanganye na ugonjwa mwingine unaotibika.

Kwa malale, vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa hapa Kongo na kuidhinishwa mwaka 2018, vinafanya kazi hata ubongo ukiwa umeguswa. Tangu 2019 mwongozo wa OMS unaruhusu wagonjwa wengi wavipate bila kuchomwa mgongoni. Sindano inabaki kwa wale wenye dalili za ugonjwa mkali na watoto wadogo.